Wasomaji Wauliza: Nyumba Kubwa Nakuru kwa Safari za Mbugani

Tuko tisa. Mimi na mume wangu, watoto wanne, mama mkwe wa miaka sabini na mbili, wifi yangu na mumewe. Agosti tunataka kulala Nakuru usiku tatu, twende Ziwa Nakuru, Hell's Gate na Bogoria. Hoteli kwa watu tisa hatuwezi. Nimeona fleti ya vyumba vitatu Milimani, picha zinapendeza, na nyingine karibu na ua wa mbuga. Nichukue ipi, na niulize nini kabla ya kutuma pesa?
— *Mama wa Wanne, Webuye*

Mama wa Wanne, ziweke picha kando kwanza, tuhesabu asubuhi ya siku ya mbuga. Geti hufunguliwa saa kumi na mbili, na saa mbili za mwanzo ndizo za simba na chui; jua likishapanda wanaingia vichakani na mtabaki kuhesabu nyati. Sasa, watu tisa kwenye bafu moja, kila mmoja dakika saba, ni zaidi ya saa nzima. Ongeza chai na kufunga mizigo: wa kwanza anaamka saa kumi na robo usiku, na huyo atakuwa wewe. Mabafu mawili yanaipunguza kazi hiyo kwa nusu. Kwa hiyo anza kwa kuuliza mabafu mangapi yana maji moto, na kama kuna choo kilichotengwa na bafu. Vyumba vya kulala vije baadaye.

Maji moto yenyewe yana mambo yake. Fleti nyingi hutumia shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo, na shawa moja hula karibu kilowati 5. Dakika kumi kwa kila mtu, watu tisa, ni yuniti saba na nusu kwa siku kwa kuoga tu. Uliza tokeni za umeme ni za nani, na mita ina yuniti ngapi siku mtakayofika. Uliza pia kama shawa mbili huweza kuwashwa pamoja. Mbili ni zaidi ya ampia 40, na nyumba ambayo nyaya zake hazikupangiwa mzigo huo, swichi kuu huanguka wakati mtu amejaa povu kichwani. Shawa hizi pia hazipendi maji dhaifu: presha ikishuka haziwaki kabisa, au zinawaka na kuzima. Fleti ya ghorofa ya juu iliyo chini kidogo tu ya tenki huwa na shida hiyo zaidi ya zile za chini.

Tenki lenyewe msikubali kuambiwa tu kwamba "lipo, kubwa". Nakuru ina mitaa ambayo maji ya bomba huja kwa zamu. Watu tisa wanaooga, kupika na kwenda msalani hutumia lita 400 hivi kwa siku. Tenki la lita 10,000 likihudumia nyumba ishirini, fungu lenu ni lita 500, siku moja na robo. Swali ni hili: tenki ni la lita ngapi, linalisha nyumba ngapi, na maji huja siku zipi?

Vitanda: tangazo likisema "wageni tisa", mara nyingi wamehesabu sofa na kile chumba cha mfanyakazi nyuma ya jikoni. Omba upana wa kila kitanda kwa futi. Tano kwa sita kinalaza wakubwa wawili bila kusukumana. Nne kwa sita ni cha mtu mzima mmoja na mtoto. Nyinyi mnahitaji vya tano kwa sita viwili vya wenye ndoa, kimoja cha mama mkwe katika chumba kilicho karibu na choo, na deka moja (kitanda cha ghorofa) pamoja na magodoro mawili ya watoto. Vyumba vitatu vitatosha kama sebule ina nafasi ya magodoro hayo. Na kama nyumba iko ghorofa ya nne bila lifti, iache, hata wakikupunguzia bei. Mama atapanda ngazi hizo mara mbili au tatu kwa siku, na nyinyi mtapanda na madumu ya maji na kikapu cha chakula.

Jikoni, omba picha ya sufuria, moja moja. Nyumba hizi hupambwa kwa ajili ya wapenzi wawili wa wikendi: vikombe vinne, sufuria ya lita mbili, mwiko hakuna. Ugali wa watu tisa unataka sufuria ya lita 8 hadi 10. Bebeni yenu, na mwiko wake. Gesi nayo, mtungi wa kilo 6 ukiwa umejaa unatosha siku tatu bila wasiwasi, lakini mara nyingi mnarithi mabaki ya wageni waliotangulia. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma cha juu. Mwambie mtunza jengo aupime mbele yenu. Tena, Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na Agosti usiku ni baridi ya kweli. Msiingize jiko la makaa ndani ya chumba cha kulala. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu waliolala. Ulizeni mablanketi ya ziada.

Sasa mahali. Ua wa mbuga usikuvutie sana. Mbuga imezungushiwa ua, na kuwa ukutani mwake hakukupi njia ya kuingia: lazima uende getini. Geti Kuu liko kama kilomita 4 kutoka katikati ya jiji, kwa hiyo Milimani, Section 58 na Naka zote ni dakika chache alfajiri kabla matatu hazijajaa barabarani. Kinachotofautisha mitaa ni safari zenu nyingine. Anayekwenda Naivasha, iliko Hell's Gate, akilala Lanet au Free Area tayari ameshavuka jiji. Wa Bogoria akilala Kiamunyi yuko kwenye barabara ya Mogotio tangu anapotoka nyumbani. Milimani ni katikati, tulivu, na kwa ratiba yako ndiyo ningeichagua, mradi bafu la pili lipo. Nyumba zilizo karibu na mbuga pia hutembelewa na nyani na tumbili. Dirisha la jikoni likiachwa wazi, mkate si wenu tena.

Ratiba yenyewe ina kasoro moja. Hell's Gate ni kama kilomita 90 kwenda, 90 kurudi. Bogoria ni zaidi ya 100 kila upande, joto la bondeni, na mama mkwe garini. Siku mbili za namna hiyo mfululizo na watoto wanne, ya pili itakuwa ya kununiana. Chagueni moja. Bogoria ina chemchemi zinazochemka na kurusha maji juu, na mama ataziona bila kutembea sana. Washikeni watoto mkono, kwa sababu ardhi ya kando ni gamba jembamba na chini yake maji yanatokota. Hell's Gate raha yake ni baiskeli na miguu. Korongo lake halichezewi mawingu yakiwa meusi, hata kama mvua iko mbali: Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu saba humo.

Lipeni kiingilio cha Ziwa Nakuru usiku wa kuamkia safari, kwenye mfumo wa eCitizen, mkiwa na intaneti ya nyumba. Getini hawapokei pesa taslimu. Wakubwa wabebe vitambulisho, maana Mkenya asiyejitambulisha hutozwa bei ya mgeni. Bogoria ni ya kaunti ya Baringo, na malipo yake ni mbali na ya KWS, Huduma ya Wanyamapori ya Kenya. Na bebeni chakula cha mchana, msifanye hesabu ya kutoka mbugani kuja kula fleti halafu mrudi: tiketi ni ya kuingia mara moja.

Tumesikia maji ya Nakuru huchafua meno. Nina mtoto wa miaka mitatu, tutakaa siku nne. Nikichemsha itatosha?
— *Baba Imani, Kisumu*

Kuchemsha huua vijidudu, Baba Imani, lakini madini ya floraidi yanabaki palepale. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inakolea zaidi. Ndiyo inayotia meno rangi ya kahawia, na visima vingi vya Bonde la Ufa vinayo kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Meno huharibika yakiwa bado yanaumbika ndani ya ufizi, kwa kunywa miaka mingi. Siku nne hazitamdhuru mwanao. Hata hivyo, kwa kunywa na kupikia uji nunua maji ya mtungi wa lita 20: kadiria lita 3 kwa kila mtu kwa siku. Kuoga na kuosha vyombo, ya bomba hayana neno.

Tangazo linasema kutoka roshani unaona flamingo. Ni kweli?
— *Msomaji, Eldoret*

Ziwa utaliona, pengine. Flamingo ni bahati. Maji ya Ziwa Nakuru yalianza kupanda mwanzoni mwa miaka ya 2010, yakafunika hata geti kuu la zamani, na chumvi ya ziwa ikapungua. Mwani wanaoula flamingo hustawi kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo makundi makubwa yalihamia Bogoria na kwingineko. Wapo wanaorudi, wakaondoka tena. Na kutoka roshani iliyo kilomita kadhaa kutoka ziwani, flamingo ni mstari wa waridi usioujua kama ni ndege au matope. Usilipe ziada kwa roshani hiyo.

Mwenye nyumba anataka malipo yote kabla, kwa namba yake ya simu. Nitajuaje kuwa nyumba ipo?
— *Mwalimu, Mumias*

Mwalimu, mwambie akupigie simu ya video akiwa getini mwa jengo, atembee nayo bila kukata mpaka mlangoni, afungue, aingie bafuni, afungue bomba na kuwasha shawa. Dakika tano hizo zinamshinda mtu aliyeiba picha, na zinakuonyesha presha ya maji bure. Mfanye asimame dirishani pia: utaona kama jirani ni baa. Ijumaa usiku baa hiyo ndiyo itakayoamua mtalala saa ngapi.

Lipa arubuni, nusu au chini yake, na salio mkiwa ndani mmeshika funguo. M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha. Lisipofanana na la mtu uliyezungumza naye, simama hapo. Ukishatuma kimakosa, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa namba 456 mara moja, ingawa pesa ikishatolewa hairudi kirahisi. Mambo ya tokeni, ada ya usafi, saa ya kuingia na saa ya kutoka yaandikwe kwenye ujumbe wa simu. Saa ya kutoka ndiyo inayosahaulika zaidi: saa nne asubuhi ikiwa ndiyo mwisho, siku ya mwisho hamuwezi kwenda mbugani na kurudi kuoga.

Sisi ni wa huku magharibi. Kwa nini tusikae Kisumu tu na kutembelea mbuga za karibu?
— *Mzee wa Luanda*

Mzee wetu, inafaa, ukijua unachokifuata. Hifadhi ya swala ya Impala iko palepale jijini, kisiwa cha Ndere kinafikiwa kwa mashua, na msitu wa Kakamega uko kama kilomita 50. Hiyo ni siku tatu nzuri za ndege, nyani na miti mikubwa. Simba wa porini hapo hakuna. Msitu wa Kakamega una pande mbili: Buyangu kaskazini iko chini ya KWS, Isecheno kusini iko chini ya Huduma ya Misitu, kila upande na kiingilio chake. Nendeni alfajiri, kwa sababu mvua ya huko hupenda mchana.

Ruma, kwenye bonde la Lambwe, watu huiweka kwenye orodha ya Kisumu na kujuta. Ni safari ndefu ya kuzunguka ghuba. Lala Homa Bay au Mbita. Huko ndiko alikobaki yule paa mkubwa aitwaye korongo (roan kwa Kiingereza), ambaye Kenya nzima hamtamwona kwingine. Huko pia kuna mbung'o. Nguo za buluu na nyeusi huwaita, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaeni kaki, na vioo vya gari vifungwe.

Nyumba ya Kisumu inaulizwa maswali mengine. Jiji liko mita 1,131 tu, usiku ni joto na malaria ipo: chandarua kwa kila kitanda, kipana cha kutosha kuchomekwa chini ya godoro, na feni inayofanya kazi. Shawa ya umeme huko mnaweza kuisamehe.