Sweta la mikono ya popo linapanda, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Niko Njombe huku baridi si mchezo, nimefuma sweta la mikono ya popo, ile inayoungana na mwili bila mshono wa begani, sasa nikinyanyua mkono kuchukua kitu juu ya kabati lote linapanda tumbo linabaki nje, na mikono imelegea mpaka inafunika vidole. Tatizo nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kupanda huko ni kwa sababu kwapa la sweta umelishusha sana, karibu na kiuno, ndo maana mkono ukienda juu unavuta na pindo. Fumua mpaka pale ulipoanza kuongeza vitanzi, chini usiguse, halafu endelea kufuma wima mpaka kama sentimita 10 chini ya kwapa lako. Hapo ongeza kitanzi kimoja kila upande kila mstari wa pili, taratibu, usiongeze vyote kwa mkupuo kona itakuwa kali na itabana.

Mikono kulegea ni uzito tu, sweta hizi zinakula uzi jamani, kwa hiyo siku nyingine uzi mnene achana nao. Pima kutoka kifundo cha mkono mmoja hadi cha mwingine kupitia mgongoni, punguza sentimita 3 hivi kila upande maana itavutika, malizia na ribu (ule ufumaji wa mistari mistari unaovutika) ndefu yenye kubana. Na ukianza sweta lingine, tafadhali sampuli, yaani kile kipande kidogo cha kujaribia, ifuliwe ikauke kwanza! Ukipata vitanzi 22 kwa sentimita 10 na unataka mbele iwe na upana wa sentimita 55, unaanza na vitanzi 121.