Barua kwa mwanangu: jani, maji na kobalti ya kwetu

Mwanangu,

Ile swali yako ya WhatsApp nimeisoma. Unauliza, kama jani inapasua maji na jua tu, juu ya nini bantu ba sayansi banashindwa kuifuata mpaka batie iridiamu, metali ya bei kali, na kama kobalti ao manganezi ya huku kwetu haiwezi kufanya ile kazi. Nakujibu kama muntu mwenye alitumika mu elektrolizi, ile kazi ya kutoa shaba mu asidi na kurante, profesa wako ataongeza yake.

Kwanza ujue, ile miaka yote ku Shituru, usini ya shaba kule Likasi, papa yako alikuwa anapasua maji kila siku. Bantu banaangaliaga katodi, ile bamba ya upande mwengine, juu kule njo shaba inashika na shaba njo makuta, lakini wewe uiname ku anodi, ile bamba ya risasi, utaona mapovu tudogo-tudogo tunapanda, ile ni oksijeni inatoka mu maji. Povu ikifika juu inapasuka, inarusha asidi mu hewa, inachoma pua mpaka machozi, njo maana banatandazaga tumipira twa plastiki juu ya tanki. Na pale ku mapovu njo sehemu kubwa ya nguvu ya kurante inaisha, haina ku shaba.

Sasa shida yenyewe. Upande wa hidrojeni haisumbue sana, elektroni mbili na imeisha. Oksijeni inataka molekuli mbili za maji, uzitoe elektroni nne na protoni nne, kisha oksijeni mbili zishikane, na ukikosea katikati unapata bintu bya hatari byenye kuharibu kichocheo chako, ile kitu yenye kusaidia maji ipasuke bila yenyewe kuisha. Kwa hesabu volti 1.23 inatosha, lakini kila mara unalipa na volti ya ziada juu yake, na kupunguza ile ya ziada njo kazi ya kichocheo.

Jani inafanya namna gani? Mu 1969 Pierre Joliot, Mfaransa, alimulika kloroplasti, ile tumufuko twa kijani ndani ya jani, na mwanga wa kuwaka-kuzima, akaona oksijeni inatoka mingi ku mwako wa tatu, kisha inarudi kupanda kila nyuma ya mine. Mwaka wenye kufuata Bessel Kok akaeleza: kuko pahali panaweka akiba. Ni likelemba, ule mchango wa zamu, mwanangu, kila mwako unatia chake moja-moja, na siku ya kulipa inalipwa yote mara moja. Ile sanduku ni manganezi ine, kalsiamu moja na oksijeni tano, bale Bajapani ba Shen na Kamiya balionyesha vile inapangwa mu 2011. Manganezi, ile ile balichimbaga Kisenge, huku kwetu!

Lakini usikimbilie kuiga sura. Mu 2015 Bachina batengeneza molekuli yenye kufanana nayo karibu kabisa, manganezi ine na kalsiamu moja, na bado kufanana haikutosha, juu mu jani kuko protini yenye kuizunguka, inaleta maji, inatoa protoni, na protini yenyewe jua inaiharibu. Ile moja banaita D1, ku jua kali inabadilishwa karibu kila nusu saa. Jani haina nguvu kuliko bamba yetu ya risasi, inajua tu kujitengeneza. Miye naona ile njo ya kuiga.

Na kuko mwenye aliiiga. Mu 2008 Kanan na Nocera, kule MIT, chuo kikuu cha Amerika, batia kobalti na fosfeti mu maji ya kawaida, haina asidi, bakapitisha kurante, kichocheo ikajipaka yenyewe ku anodi. Kobalti ikitoka kuingia mu maji, kurante na fosfeti binairudisha. Nilivyosoma ile nilicheka, juu mu elektrolizi ya shaba banatiaga kobalti kidogo mu asidi, inapunguza volti ya anodi na risasi haikulike mbio. Bantu ba usini balikuwa mu njia ile bila kuitia jina kubwa.

Ila usijidanganye na kobalti. Mu asidi kali oksidi yake inayeyuka, njo sababu zile mashine zenye kupasua maji mu hali ya asidi bado zinalilia iridiamu. Na kobalti, Kongo tunatoa zaidi ya nusu ya dunia nzima, lakini ba batri bako wanaigombania, bei inapanda inashuka kama kichaa. Ungekuwa unaniuliza uchague nini kwa memware yako, ile kazi ya mwisho wa masomo, ningesema manganezi, ni rahisi na inavumilia asidi kuliko kobalti, hata kama inaenda polepole.

Na ukianza kupima, usiandike tu volti ya siku ya kwanza. Zima kurante usiku kucha, asubuhi upime manganezi ngapi imeingia mu maji, kisha washa tena uone kama inarudi ku anodi. Uniandikie ile namba, hata kama ni mbaya.

Papa yako
Lubumbashi, Katuba