Kwa nini kinachotetemeka huteleza kirahisi?

Mkuu, umeuliza: mtetemo ni purukushani na unaleta joto, sasa utapunguzaje msuguano? Hata mimi niliona kiini macho hadi nilipojaribu mwenyewe maabara.

Nilikuwa na fimbo ya chuma iliyofungwa kwenye kitetemeshi cha kilohezi 20, yaani mara 20,000 kwa sekunde, mpaka ambapo sikio linaishia kusikia. Fimbo ilikwenda mbele na nyuma mikromita moja tu kila upande. Nikaweka kipande cha chuma juu yake, nikakivuta polepole kwa mizani ya springi. Nikiwasha, mshale unashuka, nikizima, unapanda. Siku ya pili nikavuta kwa haraka, mshale haukushuka hata kidogo. Nilifungua kitetemeshi chote kutafuta kilichoungua (msicheke), kumbe kizima.

Tatizo lilikuwa mkono wangu. Mikromita moja ni kitu kidogo, ila kwa marudio hayo kasi ya juu ya fimbo hufika kama sentimita 12.5 kwa sekunde. Ukivuta taratibu kuliko hapo, katika kila mzunguko kuna kipindi ambacho fimbo inakipita kipande, na msuguano unakisukuma mbele badala ya kukizuia. Mizani haiwezi kufuata mageuzi ya haraka namna hiyo, inasoma wastani. Ukiishinda fimbo kwa kasi, msuguano haugeuki tena.

Mtetemo wa juu na chini ni habari nyingine: nyuso hugusana kwenye vilele vya vinundu vyake tu, na vikiachanishwa kila mara havipati muda wa kung'ang'aniana.

Kwenye atomu hata kuachana si lazima. Ncha ya hadubini ya nguvu za atomu (chombo kinachopapasa uso kwa sindano nyembamba mno) hukwama kati ya atomu, huvutika, kisha huchomoka, na katika kuchomoka huko ndiko nishati inapopotea. Mwaka 2006 watafiti wa Basel, Uswisi, walitetemesha nguvu inayokandamiza ncha juu ya fuwele ya chumvi. Mkandamizo ukilegea, kilima cha nishati ambacho ncha inapaswa kuvuka kati ya atomu hushuka na ncha hupita bila kuruka. Msuguano ulikaribia sifuri ncha ikiwa bado imegusa!

Joto lipo, hapo uko sahihi; kitetemeshi kinakula umeme. Na usiongeze mtetemo kwa tamaa. Mimi niliongeza, vinundu vikaanza kugongana kama nyundo, kipande kikatoka na mikwaruzo mitupu.