Superbad bado inachekesha?
Umeuliza kama Superbad, ile filamu ya vichekesho ya 2007 kuhusu marafiki wanaomaliza sekondari, bado inachekesha ukiitazama leo kwa mara ya kwanza. Inachekesha, ila si yote. Mizaha yake kuhusu wasichana imechacha, kuna mahali utakunja uso. Lakini kile kitambulisho bandia chenye jina moja tu, McLovin, na Fogell, mmoja wa vijana hao, anavyokitetea bila aibu, hapo mbavu huna! Seth Rogen na Evan Goldberg walianza kuiandika wakiwa na miaka 13, na inajionyesha: matusi kibao, chini yake woga mtupu wa kuachana na rafiki. Ukiitazama ukubwani, ile sehemu ya mwisho kwenye ngazi za umeme, marafiki wawili wanapoachana, ndiyo inayouma kuliko zote. Ila usiitazame na wazazi, nakuomba.