Kiev ilimpelekea nani nini?

Mwalimu mmoja wa historia ananiuliza: watawala wa Kirusi waliokuwa chini ya Wamongolia walimlipa khan, yaani mfalme wa Wamongolia, kodi au ushuru? Sentensi yake ni hii: "Kuanguka kwa Kiev mwaka 1240 kulipelekea watawala wa Urusi kulipa ushuru kwa khan."

Ushuru tumeupata kwa Waarabu, na asili yake ni sehemu ya kumi. Kwa maana hiyo ya kale usingekuwa mbaya, kwani mwaka 1237 Wamongolia waliwadai watu wa Ryazan, mji wa Kirusi, sehemu ya kumi ya kila kitu: watu, farasi, hata watawala wenyewe. Lakini ushuru wa leo ni wa forodhani na sokoni. Andika kodi, tuendelee.

Sasa hilo "kulipelekea". Kuanguka kwa Kiev kulimpelekea nani, kitu gani? Peleka ukiitia kauli ya kutendea lazima pawe na mpelekaji, mzigo na mpelekewa: mpelekee bibi unga. Mji ulioteketea haumpelekei mtu chochote. Kusababisha kupo, kufanya kupo, na "ndipo" haina gharama: Kiev ilianguka, ndipo watawala wakaanza kumlipa khan kodi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba historia hiyo imejaa kupeleka kwa kweli. Batu, khan aliyeiteka Kiev, alijenga mji wake wa Sarai karibu na mto Volga, na mtawala wa Kirusi aliyetaka kiti alifunga safari hadi kwa khan kuomba hati, yarliki. Ivan wa Moscow, aliyebandikwa jina la Kalita, yaani mfuko wa pesa, alikusanya kodi hata ya watawala wenzake akampelekea khan Özbeg. Hapo sawa! Mpelekaji Ivan, mzigo fedha, mpelekewa khan. Baadaye Ivan III, naye mtawala wa Moscow, akaacha kumpelekea khan Akhmat; mwaka 1480 majeshi yao yakatazamana, huyu ng'ambo hii ya mto Ugra na yule ng'ambo ile, mpaka Akhmat akageuza farasi.

Najua nimeshindwa. Redioni, bungeni, kwenye tasnifu, kila jambo siku hizi linapelekea jingine, na mimi sina jeshi. Basi mwalimu, mwanafunzi wako akiandika "kulipelekea" kwenye mtihani, usimkate alama. Amelitoa kwako.