Picha Iende na Maelezo Yake: Kwa Wanaoanza Kupiga Picha za Wanyamapori

Ndugu mnaoanza kuwaonyesha wapenzi wenzenu wa wanyamapori picha za wanyama na ndege, swali ninaloulizwa mara nyingi ni kamera gani inunuliwe, na jibu langu ni fupi: tumia uliyo nayo, hata ikiwa ni simu. Picha nzuri isiyo na tarehe, mahali wala maelezo hupendwa kwa dakika moja na kusahaulika, ilhali picha ya kawaida ya kwarara akichokoa wadudu kwenye nyasi za Arboretamu, bustani ya miti jijini Nairobi, ikiwa imeandikiwa siku, saa na idadi ya ndege waliokuwapo, inaweza kumfaa mtu baada ya miaka mingi.

Chukueni mfano wa tai wa kahawia, ambao huzua ubishi kila msimu. Tuna mkaazi wetu, Aquila rapax, na tuna mgeni, Aquila nipalensis, anayezaliana Asia na kufika kwetu takriban kati ya Oktoba na Machi. Huyu mgeni aliorodheshwa mwaka 2015 kuwa katika hatari ya kutoweka, kwa hiyo kumtambua vibaya si jambo dogo. Wakiwa wametua mbali wanafanana sana, lakini tazama ukingo wa njano wa kinywa: kwa mkaazi huishia karibu na katikati ya jicho, na kwa mgeni hufika hadi nyuma ya jicho. Sasa fikiria picha iliyokatwa na kunolewa kwa programu mpaka ukingo huo ukapotea. Ndiyo sababu nawasihi mhifadhi faili asilia, na mtume picha mbili au tatu za ndege huyo huyo, ikiwemo moja akiwa anaruka, hata kama moja tu ndiyo inayopendeza.

Kuhusu mahali, nazungumza kwa msisitizo kwa sababu hapa uzembe unaweza kuua. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 117 tu, na ndani yake wanaishi vifaru weusi wanaowindwa kwa ajili ya pembe. Simu nyingi huandika ndani ya picha vipimo kamili vya mahali ulipokuwa umesimama, na yeyote atakayepokea faili hiyo anaweza kuvisoma. Zima kazi hiyo katika mipangilio ya kamera kabla hujapita langoni. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, vipimo hivyo huondolewa, lakini ukiituma kama hati ili ubora usipungue, vinabaki. iNaturalist, jukwaa la mtandaoni la kurekodi viumbe, nayo huficha mahali halisi pa spishi nyingi zilizo hatarini, ila haiwezi kuficha kinachoonekana nyuma ya mnyama: nguzo za daraja la reli, bwawa, au mti wenye umbo la pekee huwaelekeza wanaoijua mbuga vizuri zaidi kuliko namba yoyote. Kwa kifaru, andikeni jina la mbuga na mwezi, basi, na picha yenyewe ikae siku kadhaa kabla ya kuitoa.

Viota vinahitaji tahadhari hiyo hiyo, ingawa huko Karura na City Park, misitu ya jijini Nairobi, anayevisumbua kwa kawaida ni sisi wenyewe tunaopenda ndege. Mzazi akiondoka kwa hofu, mayai hubaki juani, na kunguru huwa hayuko mbali. Kumwita ndege kwa sauti iliyorekodiwa wakati wa kuzaliana humfanya aache kulisha makinda ili akamkabili mpinzani asiyekuwapo. Picha iliyopatikana hivyo mimi siipongezi, iwe kali namna gani.

Mkitaka wenzenu wawakosoe kwa manufaa, chagueni picha chache na muulize jambo mahususi. Anayeuliza, “Jicho limekaa kwenye fokasi, au nilenge tena?” hupata jibu, kuliko anayemwaga picha arubaini na kusubiri sifa. Baadhi ya kasoro mtazigundua wenyewe: picha za nyanda zilizopigwa adhuhuri hutetemeka kwa sababu ya hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na hakuna lenzi inayoponya hilo, bali ni kumkaribia mnyama pale kanuni zinaporuhusu au kurudi mapema asubuhi. Njia bora ya kujifunza majina ni kutembea na wanaoyajua, na matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, chama cha wapenzi wa mazingira, yanayoanzia Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Jambo jingine ni kueleza wazi picha ilivyopatikana. Kuongeza mwangaza au kukata pembeni hakuna ubaya, lakini ukifuta tawi au kuunganisha picha mbili, sema. Vivyo hivyo, chui uliyempiga Nairobi Safari Walk au katika kituo cha wanyama yatima kilicho karibu na lango kuu la mbuga aandikwe kuwa anafugwa hapo. Wenzako bado wataifurahia picha hiyo, na anayeweka kumbukumbu za chui wa porini hatamhesabu mahali asipoishi.