Koshari ya Kairo: Anza na Vitunguu

Koshari ni wali, adesi, makaroni, dengu na mchuzi wa nyanya, vyote bakuli moja. Kairo kuna maduka yasiyouza chakula kingine. Haina nyama, maziwa wala mayai, ndiyo maana Wakristo wa Kikopti huila hata wakati wa kufunga. Utamu wake unatoka kwenye vitunguu vya kukaanga na mafuta yaliyovikaanga, kwa hiyo kazi inaanzia hapo. Vipimo hivi vinatosha watu wanne.

Usiku uliotangulia, loweka kikombe kimoja cha dengu nzima; kesho yake zichemshe mpaka ziminyike kwa vidole.

Kata vitunguu maji vikubwa vinne, vipande vyembamba vya unene mmoja. Vikipishana unene, vingine vitaungua vingine vikiwa vibichi. Nyunyizia chumvi, subiri dakika 15, kamua maji kabisa, kisha changanya na vijiko viwili vya unga wa ngano. Kaanga kwa mafungu katika kikombe kimoja na nusu cha mafuta, moto wa kati. Ukivijaza vyote kwa pamoja mafuta hupoa, na vitunguu vinachemka badala ya kukauka. Viopoe vikiwa na rangi ya dhahabu, maana huendelea kuiva hata nje ya karai. Vitandaze kwenye karatasi, usivifunike. Mafuta chuja uyatunze. Yakiwa machungu kwa kuungua, yamwage tu, yataharibu sufuria zote zinazofuata.

Adesi ziwe nzima, za kahawia. Zile nyekundu zilizokobolewa huvurugika na kuufanya wali uwe uji. Chemsha kikombe kimoja dakika 15, zibaki na kiini kigumu kidogo, kisha mwaga maji. Pasha vijiko vitatu vya mafuta ya vitunguu, tia kikombe kimoja na nusu cha mchele uliooshwa, geuza, ongeza adesi, chumvi na maji ya moto vikombe viwili na nusu. Maji yakikaribia kukauka, funika, moto mdogo, dakika 15. Uache kumi zaidi bila kufunua.

Mchuzi: kaanga punje tatu za kitunguu saumu kwa mafuta yaleyale, tia nyanya sita zilizosagwa na vijiko viwili vya nyanya ya kopo. Pika mpaka mafuta yaelee juu, kama dakika 20, umalizie na kijiko cha siki. Usiharakishe hapa, nyanya mbichi huacha ukali usiopendeza.

Makaroni madogo gramu 200, yatoe yakiwa bado magumu kidogo na uyachanganye na mchuzi kiasi yasigandamane. Soma pakiti, mengine yana mayai.

Kuna watu huiacha dakka, yaani mchuzi mwepesi wa siki na kitunguu saumu, nami naona bila hiyo chakula kinapooza. Twanga punje nne za kitunguu saumu na chumvi, tia kijiko kidogo cha binzari nyembamba, nusu kijiko kidogo cha giligilani, theluthi ya kikombe cha siki na nusu kikombe cha maji ya moto. Pilipili nayo iwe pembeni, kila mtu ajipimie.

Pakua wali kwanza, makaroni, mchuzi, dengu, na vitunguu mwisho kabisa, mezani. Vitunguu vinavyobaki viweke kwenye chupa kavu, mbali na mchuzi.